Nati ya injini imegoma? Chagua kifaa kabla ya kuongeza nguvu

Injini ya boti inayolala ufukweni Mikindani huganda kwa chumvi. Pikipiki ya barabara ya Masasi hugandia kwenye nati za ekzosi kwa sababu ya joto. Mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho nayo, ikimaliza msimu bila kusafishwa, hubaki na vumbi ambalo likipata unyevu hula chuma taratibu. Fundi akifika wote wanamwambia nati imegoma, na wengi hukimbilia bomba la kurefushia spana. Hapo ndipo bolti hukatika.

Anza na usafi. Piga brashi ya waya mpaka pembe za nati na nyuzi zilizo nje zionekane, maana soketi ikikalia uchafu haishuki hadi chini. Kisha pima saizi kwa kujaribisha, usikisie kwa unene wa bolti. Bolti ya M8 (kipenyo cha milimita 8) kwenye mashine za Kijapani mara nyingi ina kichwa cha milimita 12, nyingine zina 13; M10 inaweza kuwa 14 au 17. Spana za inchi ndizo mtego mkubwa. Ya 9/16 ina milimita 14.29, kwa hiyo inaingia kwenye nati ya 14 na kucheza kidogo tu, lakini kwa nati iliyogoma mchezo huo unatosha kulainisha pembe zote sita.

Kifaa cha kwanza ni soketi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 ni rahisi kuingiza pembeni pembeni, ila hukamata karibu na ncha za pembe na kuzila. Soketi ikikosa nafasi, tumia ringi, yaani spana ya duara inayozunguka nati yote. Spana ya mdomo hukamata pande mbili tu, na mdomo wake hufunguka kidogo ukiilazimisha. Iache kwa nati ambayo tayari imelegea. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, usiiguse kabisa kwenye kazi hii.

Raketi, yaani mpini wa soketi unaokamata upande mmoja tu, nayo ni ya kuharakisha. Meno yake ya ndani ni madogo, yakiruka mkono wako unakwenda moja kwa moja kwenye mapezi ya silinda. Kwa kulegeza, funga soketi kwenye mpini usio na raketi. Chagua urefu kwa hesabu: bolti ya M6 hukazwa takriban Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), yaani nguvu kama ya kilo 5 kwenye mpini wa sentimita 20. Ukiweka bomba la sentimita 60, haifiki hata kilo 2, na mkono hausikii tena chochote. Bomba libaki kwa nati za tairi.

Weka mafuta ya kupenyeza kutu, subiri dakika 15 hadi 30, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, rudia. Kwa injini ya boti, iache usiku kucha. Sasa kaza kidogo mno kwanza, ndipo ufungue. Sikiliza mkono: ikitoa mlio mkavu wa “tak” imeachia. Ikizunguka huku ikivutika kama mpira, bolti inajipinda na iko karibu kukatika. Simama, rudi kwenye mafuta. Ikitembea robo mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, endelea hivyo hivyo.

Vuta spana kuelekea kwako, usisukume. Kama lazima usukume, tumia kiganja kilicho wazi ili isije ikakuumiza vidole. Vaa miwani, injini iwe baridi, na waya wa plagi uchomolewe.

Skrubu za kava za injini ya pikipiki zinataka bisibisi ya kugonga: iweke upande wa kufungua, iminye, piga pigo moja la nguvu. Bisibisi ya kawaida huharibu msalaba wa skrubu mara ya pili tu.

Moto husaidia sana bolti ya chuma iliyoingia kwenye aluminiamu, kwa kuwa aluminiamu hutanuka kuliko chuma. Pasha aluminiamu inayoizunguka, kidogo kidogo. Haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo usingoje iwe nyekundu. Ondoa tenki, mipira na sili kwanza. Kwenye mashine ya salfa usiwashe moto kabisa mpaka vumbi lote liondoke: salfa hushika moto, na moshi wake hukaba kifua.

Pembe zikishalika, gongelea soketi ndogo kidogo kuliko nati, au bana kwa vaisi gripu, koleo linalojifunga. Ikishindikana, pasua nati kwa tindo kwenye ubavu mmoja, ukilinda nyuzi za stadi (bolti isiyo na kichwa). Fundi wa kuchomelea anaweza pia kuunga nati mpya juu ya kichwa kilichoharibika. Joto lenyewe huilegeza.

Ukirudishia, weka nati mpya, safisha nyuzi, na paka grisi: kwa boti tumia ile isiyoyeyuka na maji, kwa ekzosi ya kustahimili joto. Nyuzi zenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ile ile, kwa hiyo punguza mkono kidogo.