Mbolea Unayoirundika Shinani Inaunyang'anya Mmea Maji

Kila msimu ni yale yale. Mahindi yamefika magotini, mkulima anapita na ndoo, anachota konzi, anamwaga kichuguu cheupe pale pale shina linapoingia ardhini, anasonga mbele. Siku chache baadaye kingo za majani zimekauka kama zilizopitiwa na moto, na lawama zinaiendea mbolea: eti ni feki. Kisha anaongeza nyingine juu ya ile ile.

Mbolea haikuwa feki. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi, na chumvi huvuta maji.

Seli ya mzizi imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Maji huupita bila taabu, lakini virutubisho vyenye chaji ya umeme, kama potasiamu na nitrati (nitrojeni katika umbo ambalo mizizi huinyonya), havipenyi vyenyewe; hungoja malango ya protini yaliyopachikwa kwenye utando huo. Sasa piga hesabu. Gramu 5 za CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, zikiyeyuka kwenye udongo wenye mililita 50 za maji, yaani udongo wa kama konzi mbili, mvuto wake wa maji hukaribia bar 40 (bar ni kipimo cha shinikizo). Utomvu wa seli za mzizi kwa kawaida una bar 5 hadi 10. Maji yatakwenda wapi? Yatatoka ndani ya seli kufuata chumvi, utando utasinyaa na kubanduka kutoka kwenye ukuta wa seli, na vinyweleo vya mizizi vitakufa. Ndiyo maana unaona mmea umenyauka asubuhi na mapema ilhali udongo umelowa.

Yurea, mbolea nyingine ya nitrojeni, ina ubaya wa ziada. Ikiwa kwenye udongo wenye unyevu hugeuka kuwa amonia ndani ya siku chache, na amonia haina chaji, kwa hiyo haihitaji lango lolote: inapenya utando moja kwa moja na kuiua seli changa. Mmea unaweza kupunguza malango ya nitrati, ila dhidi ya gesi hii hauna mlango wa kufunga. Yurea isiguse mbegu kabisa. DAP, mbolea ya kupandia, nayo hutoa amonia kidogo kuizunguka punje yake, hivyo wakati wa kupanda iwekwe sentimita 5 pembeni ya mbegu na sentimita 5 chini yake. Sentimita 5 ni upana wa vidole vitatu. Usiseme "hapo hapo karibu".

Wapo wanaojibu kwamba mmea wenye njaa ukipewa nyingi utakula nyingi. Haiko hivyo. Ili nitrati iingie, seli kwanza inasukuma protoni (chembe ndogo zenye chaji) nje kwa pampu, kisha protoni zinaporudi ndani huivuta nitrati pamoja nazo. Pampu hiyo inaendeshwa kwa nguvu inayotokana na sukari ya majani na hewa ya oksijeni iliyo kwenye udongo. Kuna malango yanayonasa nitrati hata ikiwa chache sana, na mengine yanayofanya kazi ikiwa nyingi. Mmea ukishatosheka, asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, zinazojikusanya ndani yake hutoa ishara na malango ya kunasa hupunguzwa. Konzi yako inayobaki nje itapotea hewani au itasombwa na maji kwenda chini kusikofikiwa na mizizi. Hii ndiyo sababu ya kugawa mbolea kwa awamu. Wanaoshauri hivyo hawakusumbui bure.

Kipimo basi. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mche mmoja kila shimo, hekta moja ina mimea 53,333. Ukitaka kilo 60 za nitrojeni kwa hekta kwenye awamu ya kukuzia, unahitaji kilo 130 za yurea, sawa na gramu 2.4 kwa mmea. Kwa CAN yenye nitrojeni asilimia 27 ni kilo 222, sawa na gramu 4.2. Konzi ya yurea inapita zaidi ya mara kumi ya hapo! Tafuta kizibo cha soda, jaza na kusawazisha mara 100, pima jumla kwenye mizani, gawanya kwa 100. Rudia kwa kila aina ya mbolea, kwa sababu kizibo cha CAN ni kizito kuliko cha yurea.

Weka mahindi yakiwa na majani 6 hadi 8 yaliyofunguka. Chimba kijifereji sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, kina cha sentimita 5, nyunyiza mbolea ikiwa imetawanyika, fukia papo hapo. Usihofu kwamba ni mbali. Kwa umri huo mizizi imeshatambaa kuelekea katikati ya mistari, na sehemu inayonyonya zaidi iko karibu na ncha. Udongo uwe na unyevu. Ukiwa umetuama maji, acha: oksijeni imekwisha, pampu zimelala, na mbolea yako itapotea bure. Subiri hadi ukiufinya udongo mkononi usidondoshe maji.

Tukiwa hapo, wanaomimina potasiamu bila kupima udongo wajue kwamba hubana nafasi ya magnesiamu kwenye kuingia mzizini. Majani ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa, huenda ni magnesiamu iliyopungua; usikimbilie yurea.

Ukipatia, majani mapya yatakuwa ya kijani kilichokolea. Basi.

Kama umesharundika, usingoje kesho. Kwangua kichuguu pamoja na udongo wake, kitawanye katikati ya mistari na kufukia, kisha mwagilia maji mengi kuzunguka shina ili chumvi iliyobaki ishuke. Usiongeze kitu chochote. Baada ya siku nne au tano pasua shina la mmea mmoja ulioungua kwa urefu: ncha ya kukua ikiwa nyeupe na imara, mimea iliyobaki iache ipone; ikiwa ya kahawia na laini, kupanda upya kutakuwa nafuu kuliko mfuko mwingine wa mbolea.