Kusoma mapinduzi fomu siksi bila kukariri

Oya wana wa Tanga, acheni kukariri madesa kama kasuku. Chora mstari wa miaka, juu Ufaransa 1789, chini Urusi 1917, kila tukio jiulize nani ana njaa na nani kashika bunduki, maana 1788 mavuno Ufaransa yaliharibika, mkate ukapanda bei, Oktoba 1789 wanawake wa sokoni wakatembea na mvua yao mpaka Versailles kumfuata mfalme, we fikiria akina mama wa Ngamiani wamebeba visu vya samaki! Petrograd, mji mkuu wa Urusi enzi hizo, nako foleni za mkate, ila wanajeshi wakagoma kupiga raia wakajiunga nao, hapo ndo pa kulinganisha. Sababu za muda mrefu na cheche ya siku ile usizichanganye, mi nilichanganya kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, swali zima likaenda.