Somo: Kukadiria usuli wa jozi za kwaki topu kwa kutumia data yenyewe

Usuli ni matukio ya mchakato mwingine yanayofanana na ishara tunayoitafuta. Tuchukue mfano wa chembe ya Higgs inayovunjika kuwa chembe mbili za W pale LHC, kigonganishi kikubwa cha protoni cha CERN, kisha tunaona elektroni moja na myuoni moja (binamu mzito wa elektroni), nyutrino zikipotea bila kuonekana. Kwaki topu nayo huvunjika karibu kila mara kuwa W na kwaki b, kwa hiyo jozi ya topu inatuachia elektroni na myuoni zilezile. Kwa migongano yenye nishati ya TeV 13 nadharia inatoa pikobani 830 hivi za jozi za topu (pikobani ni kipimo cha uwezekano wa mchakato kutokea). Higgs haifiki 60.

Hatua ya 1. Eneo la ishara: jeti (fungu la chembe zinazoruka pamoja kutoka kwaki moja) yoyote isiwe na alama ya b, yaani alama tunayoipa jeti inayoonekana kutoka kwaki b. Eneo la udhibiti: iwepo angalau moja. Masharti mengine yaache yafanane.

Hatua ya 2. Kwenye udhibiti, toa michakato mingine. Kwa namba za kujifunzia: data 1,050, michakato mingine 50, uigaji wa topu (hesabu ya kompyuta) 1,250. Kizidishi cha kusahihisha uigaji ni 1,000 ÷ 1,250 = 0.80.

Hatua ya 3. Uigaji ukisema topu 124 kwenye eneo la ishara, makadirio yako ni 124 × 0.80, yaani 99.

Hatua ya 4. Hapa naomba tutulie, maana ndipo wengi wanapoumia. Topu huingia eneo la ishara pale jeti zote mbili za b zinapokosa alama. Ufanisi wa alama (uwezekano wa jeti ya b kupata alama) ukiwa 0.70, uwezekano huo ni 0.3 × 0.3 = 0.09. Kumbe ufanisi halisi ni 0.67? Basi ni 0.109, ongezeko la asilimia 21, wakati eneo la udhibiti limeshuka kutoka 0.91 hadi 0.89 tu. Kizidishi hakikushtuka, na zile 99 zilipaswa kuwa 122 (1,000 × 0.109 ÷ 0.891)!

Dawa ni kupima ufanisi kwenye data. Chukua matukio ya jeti mbili: N1 yenye alama moja, N2 yenye mbili. Ufanisi = 2N2 ÷ (N1 + 2N2). Ukipata 496 na 504, jibu ni 0.67. Idadi ya topu zote haihitajiki kabisa, na hilo ndilo linalonipendezesha njia hii. Angalia tu jeti za ziada zisizotokana na b, zinaharibu hesabu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kwa nini tusitumie uigaji peke yake?
Jumla ya topu inatabirika vizuri, lakini wewe unatumia kipande chake kidogo. ATLAS na CMS, vigunduzi viwili vikubwa vya LHC, zote zimeona topu zenye msukumo wa pembeni (ulio wima kwa mwelekeo wa miali) mdogo kuliko uigaji mwingi unavyosema.

Nikitafuta jozi za elektroni je?
Hesabu matukio ya elektroni na myuoni, gawa kwa mbili, zidisha kwa uwiano wa ufanisi wa elektroni kwa myuoni.

Na topu moja inayozaliwa pamoja na W?
Swali zuri sana. Ina b moja, kwa hiyo mgao wake kati ya topu zote ni mkubwa kwenye eneo la ishara kuliko kwenye udhibiti. Usiifiche ndani ya kizidishi cha jozi. Ibebe peke yake, na kosa lake.