Jakuzi ya bei nafuu: ione ikichemka kabla hujatoa hela

Jakuzi yangu ya kwanza, yaani beseni kubwa la maji ya moto yanayosukumwa kwa pampu, niliinunua kavu, bila maji ndani. Muuzaji aliniambia, "Mwaka jana ilikuwa inafanya kazi vizuri tu," nami nikamwamini. Nikahesabu dola 800, nikawalipa wabebaji dola 350 nyingine, ikatua nyuma ya nyumba yangu huku Minnesota, Marekani, mwezi wa tano. Niliweka mpira wa maji nikaingia ndani kupika. Niliporudi, maji yalikuwa yamefika nusu na nyasi za upande wa hita zilikuwa zimelowa chapachapa. Nilifungua ubavu wake, nikamulika kwa tochi: mivujo minne ya kuonekana kwa macho, na wa tano ulikuwa ndani kabisa ya povu la kuzuia joto, ambako fundi asingefika bila kulichimba. Jakuzi ile ilikuwa imelala msimu mzima wa baridi bila umeme. Walioifunga waliyatoa maji, lakini yale yanayobaki kwenye viwiko vya mabomba hayatoki kwa kufungua kizibo tu. Yakaganda. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na bomba la plastiki hupasuka.

Nayaandika haya kwa wenzangu tunaoishi kwenye nchi za theluji na hatuna hela za kuchezea. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nanyanyua watu, nageuza watu, na asubuhi kiuno kinadai. Lakini aliyenifanya niitafute jakuzi ni mama yangu. Alitoka Tanga kuja kukaa nami, na mwezi wa kumi na moja ulipoingia baridi yabisi ikamkamata magoti hata ngazi tatu za mlangoni akawa anazipanda kwa kushika ukuta. Wapo walioniambia ni anasa. Basi wajue jina lenyewe limetoka wapi. Jacuzzi ni ukoo wa Waitaliano waliohamia California, mafundi wa pampu za visima. Mmoja wao, Candido Jacuzzi, alikuwa na mtoto aliyeugua ugonjwa wa viungo tangu mdogo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaunda pampu ya kuweka kwenye beseni la kuogea ili mtoto apate nafuu nyumbani. Beseni lenye matundu ya maji kwenye kuta zake lenyewe lilifuata mwaka 1968. Kitu hiki kilianza kwa ajili ya viungo vinavyouma.

Mara ya pili nilijiwekea dola 3,000, kila kitu kikiwa ndani yake. Kwa hela hizo una njia tatu.

Ya kwanza ni ile ya kujaza upepo, ya dola 500 au 600. Kwa mwaka mmoja wa kujaribu, kwa mtu wa kupanga nyumba, na mahali ambapo baridi si kali, sina neno nayo. Lakini soma kijitabu chake kabla hujalipa. Nyingi, watengenezaji wenyewe wanaonya zisitumike baridi ikishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Huku kwetu hiyo maana yake ni kuifungasha mwezi wa kumi, wakati magoti ndiyo yanaanza kuihitaji. Ya pili ni mpya ya plastiki ngumu ya kipande kimoja, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida. Haina mapambo, mabomba yake ni machache, na kichache hakiharibiki sana. Ya tatu ni iliyotumika, ya akriliki (plastiki ngumu inayong'aa), yenye kuta nene na hita kubwa, ambayo ikiwa mpya usingeigusa. Mimi nilichukua ya tatu, na ndiyo ninayoijua zaidi.

Sharti langu sasa ni moja: sinunui kwa mtu yeyote jakuzi isiyo na maji ya moto ndani yake siku ninayokwenda kuiona. Ninampigia muuzaji siku mbili kabla, namwomba aijaze na kuiwasha, halafu siku ya kwenda aiache kwenye nyuzi 34 hivi, isizidi. Akisema hana muda, au umeme umekatwa, au imeshatolewa maji ili iwe rahisi kubebeka, namshukuru na safari inaishia hapo.

Nakwenda na kipimajoto changu mwenyewe, tochi, taulo kuukuu la kulalia chini, na saa nzima ya nafasi. Nikifika, kabla ya kuipandisha moto, naingiza mkono chini ya ukingo wa kuta za nje, pande zote nne. Unyevu wowote ni swali. Kisha naomba mlango wa fundi ufunguliwe, nalala na tochi. Ninatafuta michirizi myeupe ya chokaa kwenye maungio ya mabomba, maana mvujo uliokauka huacha alama hiyo, na kutu kwenye skrubu za pampu. Povu lililoloa huwa zito na lina harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo.

Halafu nawasha pampu, moja moja, taratibu kwanza kisha kasi. Siku niliyokwenda kuiona hii niliyoinunua, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, mama alikuwa nami, amekaa kwenye kiti cha uani cha mwenye nyumba, amejifunika khanga begani ingawa ilikuwa mwezi wa tisa. Mama ameishi miaka mingi jirani na mashine ya kusaga nafaka. Akatega sikio akasema, "Hii inaunguruma, mwanangu, lakini haikwaruzi. Beringi zake nzima." Hicho ndicho kipimo chenyewe. Mngurumo mzito usiobadilika hauna shida. Mkwaruzo kama wa chuma kwa mchanga, au mlio mwembamba unaopanda, ni beringi zinazokufa, na pampu mpya ni dola mia kadhaa.

Saa yenyewe inakwenda kwenye hita. Nazamisha kipimajoto, naandika namba, natega joto la juu, narudisha kifuniko na kusubiri dakika 60. Hesabu yake haidanganyi. Jakuzi ya galoni 300 ni lita 1,135 hivi. Hita ya kilowati 5.5 hupandisha maji hayo karibu nyuzi 4 kwa saa, ya kilowati 4 hupandisha nyuzi 3, na ile ya kilowati 1 ya soketi ya kawaida haifikishi hata nyuzi 1. Ya yule mzee ilitoka 34 ikafika karibu 38. Ikiwa hita ni kubwa na saa imepita bila joto kusogea, maneno mengine yote ya muuzaji hayana kazi. Angalia pia kibao cha vitufe: ikitokea herufi kama FLO, aghalabu ni maji yasiyopita vizuri. Huenda ni chujio chafu tu. Mwambie alitoe, uone kama herufi zinaondoka.

Kibandiko chenye namba ya mashine kipige picha. Kinaonyesha mtengenezaji, na kutokana nacho utajua mwaka. Kisha, kabla ya kutoa hela, mpigie fundi wa jakuzi wa eneo lenu umsomee. Mimi sikumuuliza kama ni nzuri. Nilimuuliza, "Ikiharibika, vipuri vyake unavyo? Ni aina gani ambazo ukiitwa huendi?" Fundi anayeziba mivujo kila siku atakujibu haraka na bila kupamba. Jambo moja la kutia moyo: jakuzi nyingi za majina tofauti zina akili ya ndani, yaani kisanduku cha kuendeshea, kutoka Balboa au Gecko. Ukikuta mojawapo, hata kama kampuni iliyobandika jina nje imeshafungwa, kipuri kitapatikana.

Wauzaji watakuhesabia matundu: 40, 60, 80. Usihesabu nao. Pampu ni ile ile, na ukiigawa kwa matundu mengi kila moja linapata pumzi ndogo. Mama anatumia matundu manne tu, mawili ya magoti na mawili ya kiuno. Taa za rangi na spika nazo ni vitu vinavyokufa mapema na havikandi mtu.

Hela itazame kwenye kifuniko. Hapa ndipo bili ya umeme inapoamuliwa, kwa sababu joto linapanda juu na juu pako wazi. Kinyanyue mwenyewe kwa upande mmoja. Kikiwa kizima, mtu wa kawaida anakiinua bila kuguna. Kikikushinda, povu la ndani limenyonya maji, na povu lenye maji halizuii tena joto. Pitisha kiganja kwenye mshono wa katikati pale kinapokunjika wakati maji ni ya moto: ukisikia mvuke unakupiga, hapo joto linatoka mchana na usiku. Kipya cha kupimisha nimeambiwa ni kati ya dola 400 na 600, kwa hiyo kifuniko kibovu kitoe kwenye bei, usione haya. Kwa majimbo yetu ya baridi omba unene wa inchi 5 katikati unaoshuka hadi 4 pembeni. Wa inchi 4 hadi 3 unafaa kusini. Na kiwe na kufuli. Mtoto wa jirani hatakuomba ruhusa.

Umeme wa Marekani una njia mbili. Ya soketi ni volti 120, na inataka laini yake peke yake, isiyoshirikiana na friji wala chochote, na isiunganishwe kwa waya wa kurefushia kamwe. Nyingi za aina hii zikiwasha pampu kwa kasi, hita inapumzika, kwa hiyo ukikaa muda mrefu usiku wa baridi maji yanapoa huku umo ndani. Ya volti 240 inahitaji laini mpya, kwa kawaida ya ampea 50, yenye swichi ya usalama inayokata umeme papo hapo ukivuja, na swichi hiyo iwe mahali unapoiona ukiwa karibu na jakuzi lakini huwezi kuifikia ukiwa ndani ya maji. Mimi nililipa dola 1,100 kwa fundi mwenye leseni, pamoja na kibali cha manispaa. Hapa sikubani. Mpwa wangu alijitolea kuifanya, ni kijana mwenye akili, nikamkatalia. Maji, mwili na umeme vikikutana hakuna wa kumlaumu.

Hesabu yangu ikawa hivi: jakuzi dola 1,500, kubeba 350, umeme 1,100. Zikabaki dola 50 za dawa na chujio jipya.

Sakafu nayo isikupite. Lita 1,135 ni zaidi ya tani moja, ongeza jakuzi yenyewe na watu wanne, unakaribia tani mbili. Zege la sentimita 10 lililosawazishwa linatosha. Baraza la mbao usilipandishie mzigo huo mpaka mjenzi alikague.

Kuna ndugu huniuliza kama anaweza kununua huku na kupeleka nyumbani ndani ya kontena. Usifanye hivyo. Umeme wa huku ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, wa Tanzania na Kenya ni 50, na volti zimepangwa tofauti. Pampu itakwenda polepole kuliko ilivyoundwa, na kisanduku cha kuendeshea huenda kisiwake kabisa.

Ukishaipata, maji ndiyo kazi ya kila wiki. Nunua vijikaratasi vya kupimia. Klorini isishuke chini ya 3, au bromini chini ya 4, kwa kipimo cha ppm (sehemu kwa milioni), na pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.2 na 7.8. Maji ya uvuguvugu yasiyo na dawa huotesha vijidudu, wakiwemo wale wa Legionella wanaoingia kifuani kwa mvuke, na mimi nimeona nimonia inavyomfanya mzee. Vidonge vikubwa vya bwawa la kuogelea usivitumie, ni vikali, vinakula ngozi ya jakuzi. Maji yote badilisha kila miezi mitatu au minne. Joto lisizidi nyuzi 40. Watoto chini ya miaka 5 wasiingie, mjamzito amwulize daktari kwanza, na mwenye presha au moyo vilevile. Mama nilimpeleka kwa daktari wake kabla hajatia mguu. Akaruhusiwa dakika 15 kwenye nyuzi 37, mtu akiwa karibu.

Siku ya kujaza, usitupe mpira juu ya maji. Uingize kwenye tundu la chujio, ili maji yaingie kwanza kwenye mabomba na kuusukuma upepo nje. Upepo ukinasa, pampu italia bila kusukuma kitu na utadhani umeuziwa mbovu. Maji ya bombani yakiwa nyuzi 10, kuyafikisha 38 kunakula yuniti 37 hivi za umeme: saa saba kwa hita kubwa, siku moja na nusu kwa ile ya soketi. Washa asubuhi, funika, usifungue kuchungulia. Sisi tulifungua saa mbili usiku. Mama alishika mkono wangu, akateremka, maji yakamfika mabegani, akanyoosha goti la kulia mpaka mwisho, akalikunja, akalinyoosha tena.