Kitunguu, wembe na hadubini: namna ya kuiona seli ikiwa kazini

Kabla hujagusa hadubini, kata kitunguu maji. Kikate kama cha mchuzi, inamisha uso, subiri. Macho yakianza kuwasha, somo limeanza.

Kitunguu kizima hakimlizi mtu. Kinaweza kukaa jikoni mwezi mzima bila kumwasha yeyote. Ndani ya kila seli yake kuna kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho aliinase, na kimefungiwa kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji. Malighafi yenye salfa ambayo kimeng'enya hicho huifanyia kazi iko nje ya mfuko, kwenye sitoplazimu, ule ute unaoujaza mwili wa seli. Kinachovitenga ni utando mmoja mwembamba kupita kiasi. Kisu kikipita utando unapasuka, vitu hivyo viwili vinakutana, na mwisho wa mchakato ni gesi inayokupanda machoni.

Nimetunza maabara ya shule na kufundisha vitendo vya biolojia kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wengi hufika wakiwa na orodha kichwani: kiini ndicho msimamizi, mitokondria ndiyo mtambo wa nguvu, ribosomu hutengeneza protini. Hawakosei. Lakini waulize kwa nini seli ijisumbue kuwa na vyumba vyote hivyo, wanaanza kutazamana. Jibu langu ni lile la kitunguu: kazi nyingi za seli zinategemea kutenganisha vitu visivyotakiwa kukutana, au visivyotakiwa kukutana bado. Basi katika mwongozo huu hatutaangalia tu umbo. Tutaichokoza seli, tuone kila ukuta na kila utando unajibu nini.

(Vitabu vingine huandika "chembe hai". Mimi natumia "seli" kwa sababu ndilo neno ninalolisikia darasani na hospitalini.)

Vitu vya kuandaa

Kitunguu maji chekundu, hivi vyetu vya sokoni. Wembe mpya. Kibanio kidogo, hata kile cha kunyolea nyusi kinafaa. Slaidi na vifuniko vyake, dropa, tishu, chumvi ya mezani, na tinkcha ya ayodini kutoka duka la dawa, uizimue kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Hadubini ya shule yenye lenzi za 4, 10 na 40 inatosha kabisa. Lenzi ya jicho ikiwa ya 10, unapata ukuzaji wa mara 40, 100 na 400. Kama huna, Foldscope, hadubini ya kukunja ya karatasi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza kama mara 140, nayo itakufikisha mbali katika hatua hizi.

Hatua ya 1: Bandua ngozi

Kata kitunguu vipande vinne, chomoa gamba moja nene. Upande wa ndani, uliobonyea, una ngozi nyembamba isiyo na rangi inayobanduka kama karatasi ya nailoni. Upande wa nje una ngozi ya zambarau, ngumu kidogo kubandua. Tunazihitaji zote mbili. Kwa ile ya zambarau, chora mraba wa nusu sentimita kwa ncha ya wembe, ingiza kibanio kwenye pembe moja, vuta polepole ukiilaza ngozi, usiinyanyue juu.

Kosa la wengi ni kuleta kipande kinene chenye nyama. Ukiona rangi imekolea sana na hakuna mwanga unaopita, rudia. Ngozi unayoitaka ina safu moja tu ya seli.

Hatua ya 2: Iweke kwenye slaidi bila hewa

Tone moja la maji katikati ya slaidi. Tandaza ngozi ya ndani juu ya tone, nyoosha mikunjo. Kifuniko kishikilie kimesimama kwa mshazari, ukingo mmoja ukigusa maji, kisha kilaze taratibu kama unavyofunga kitabu. Ukikidondosha tu, utafungia mapovu.

Mapovu yamewahi kuniaibisha. Mwaka wangu wa kwanza wa kusoma nilichora duara zuri lenye mstari mweusi pembeni, nikaliandika "utando wa seli". Lilikuwa povu la hewa. Povu lina ukingo mweusi mnene na ndani ni tupu kabisa. Seli za kitunguu ni ndefu, zimebanana kama matofali.

Anza na lenzi ya 4. Lenga, sogeza kipande katikati, ndipo uende ya 10. Punguza mwanga: seli isiyotiwa rangi hupotea kwenye mwanga mkali, na hapa ndipo wengi husema hadubini ni mbovu.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliangalia kipande cha gome laini, lile la vizibo vya chupa, akaona vijumba vitupu vimepangana. Alivipa jina la vyumba vidogo, na ndiko lilikotoka neno seli. Alichokiona ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Wewe una bahati kuliko yeye, zako bado ni hai.

Hatua ya 3: Tafuta kiini

Weka tone la ayodini kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, na kipande cha tishu ukingo wa pili. Tishu itanyonya maji, ayodini itavutwa chini ya kifuniko. Subiri dakika mbili tatu. Katika kila seli kitatokea kidoto cha manjano yenye ukahawia: hicho ni kiini, mahali DNA inapohifadhiwa.

Sasa angalia kiini kimekaa wapi. Kwenye seli nyingi kimebanwa ukutani, kwa sababu vakuoli imechukua karibu nafasi yote na sitoplazimu imebaki utepe mwembamba pembeni. Kwenye baadhi kitaonekana katikati. Mwanafunzi hapo huchora kiini kinaelea katikati ya vakuoli. Hakielei. Unaitazama seli kutoka juu, na kiini kimelala kwenye dari au sakafu yake. Zungusha skrubu ndogo ya kulengea mbele na nyuma uone kinavyokuwa wazi katika kina tofauti na kuta.

Ukiwa na muda, chukua ukwangule wa kiazi mviringo, utie ayodini ileile. Seli za kiazi zitajaa chembe za buluu iliyokoza karibu na weusi: ni wanga, umefungwa ndani ya oganeli, yaani vile vyumba vidogo vya seli, ziitwazo amiloplasti. Kitunguu hakigeuki buluu kwa kuwa akiba yake haiwekwi kama wanga.

Hatua ya 4: Pima

Usiandike "seli ni ndogo". Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya 4, uhesabu milimita kutoka ukingo hadi ukingo wa duara unaloliona. Tuseme umepata 4.5. Kwa lenzi ya 10, upana wa duara ni 4.5 × 4 ÷ 10, yaani milimita 1.8. Kwa lenzi ya 40 ni milimita 0.45. Kama seli 6 zimefuatana kwa urefu na kuujaza upana wa milimita 1.8, kila moja ina urefu wa milimita 0.3, au mikromita 300. Hiyo ni seli kubwa. Chembe nyekundu ya damu yako ina upana wa mikromita 7 hadi 8 tu.

Hatua ya 5: Maji ya chumvi

Hapa ndipo ninapopapenda, na ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Tayarisha slaidi mpya kwa ngozi ya zambarau, kwa maji matupu, bila ayodini. Rangi ya zambarau iko ndani ya vakuoli, kwa hiyo vakuoli imejitia rangi yenyewe. Seli zote zitakuwa zimejaa rangi kutoka ukuta hadi ukuta. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika mililita 100 za maji, uivute chini ya kifuniko kwa tishu kama ulivyofanya na ayodini. Usiondoe jicho.

Ndani ya dakika chache rangi itaanza kuachana na pembe za seli. Itajikusanya, ikolee, mwisho ibaki bonge la zambarau katikati ya chumba kilicho wazi. Ukuta haujasogea, umbo la tofali liko palepale. Kilichorudi nyuma ni utando wa seli pamoja na vyote ilivyovikumbatia. Maji yametoka kwenda kwenye chumvi, lakini rangi imekataliwa kupita.

Niliwahi kuuliza darasa: ile nafasi iliyobaki kati ya ukuta na bonge la rangi ina nini? Wengi wakasema hewa, wengine wakasema hakuna kitu. Ina maji ya chumvi. Ukuta wa selulosi huacha maji na chumvi vipite. Kazi yake ni kushikilia umbo na kuzuia seli isipasuke inapojaa. Mchaguzi wa nani apite ni utando. Kwenye mchoro wa kitabu hivi viwili vimebanana kama mstari mmoja mnene, na watu humaliza shule wakiamini ni kitu kimoja. Chumvi inavitenganisha mbele ya macho yako.

Sasa vuta maji matupu chini ya kifuniko, mara mbili tatu. Kama hukuchelewa, rangi itatanuka tena na kujaza chumba. Aliyewahi kutengeneza kachumbari na kuvifikicha vitunguu kwa chumvi anaijua nusu ya jaribio hili: yale maji yanayojaa chini ya bakuli yametoka kwenye vakuoli.

Halafu chukua kipande kingine cha zambarau, ukichovye kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, ndipo ukiweke kwenye slaidi na kurudia chumvi. Hakuna kitakachojikusanya. Rangi imevujia nje, maji ya moto yamegeuka pinki. Joto limeharibu tando, ile ya vakuoli na ile ya seli, ingawa kuta bado zimesimama wima. Seli imekufa, na jengo halijaanguka.

Hatua ya 6: Jani la kongwa

Katika kitunguu hutapata kloroplasti, maana gamba lake hukua bila kazi ya kunasa mwanga. Tafuta kongwa, lile gugu la maua ya buluu linalotambaa shambani. Pasua jani kwa kulivuta mshazari, upande wa chini utaachia ngozi nyembamba. Kwa ukuzaji wa mara 400 utaona vitundu vya stomata, ambavyo jani hupitishia hewa, kila kimoja kikilindwa na seli mbili zenye umbo la figo. Hizo seli linzi zina vidonge vya kijani: kloroplasti, kila moja ya mikromita chache. Seli za ngozi zinazozizunguka karibu hazina kitu cha kijani. Mmea haugawi vifaa sawa kwa kila seli.

Vutia maji ya chumvi hapa pia. Seli linzi zikipoteza maji hulegea, na kitundu kinafunga.

Hatua ya 7: Seli ya shavu lako

Sugua ndani ya shavu kwa kijiti safi chenye pamba, pakaza kwenye slaidi, tia tone la methilini bluu, rangi ya maabara, iliyozimuliwa. Utaona vipande bapa, upana wa mikromita 60 hivi, kila kimoja na kiini cha buluu iliyokoza. Hakuna ukuta, ndiyo maana kingo zimejikunja ovyo. Tumia shavu lako mwenyewe tu, na kijiti kisiguswe na mtu wa pili.

Hatua ya 8: Visivyoonekana

Hadubini ya mwanga, hata ya bei kubwa, kwa kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2. Ribosomu ina nanomita 20 hadi 30, yaani mikromita 0.02 hadi 0.03, kwa hiyo usiitafute. Mitokondria, yenye unene wa nusu mikromita hadi moja, iko mpakani. Kwenye ngozi ya ndani ya kitunguu kibichi kabisa, isiyotiwa rangi, ukipunguza mwanga kwa ukuzaji wa mara 400, utaona punje ndogo zikisafiri kando ya ukuta na kwenye nyuzi za sitoplazimu. Nyingine kati ya hizo ni mitokondria, ila kwa macho hayo huwezi kuapa ni ipi.

Lakini kazi yake ni ileile ya kutenganisha. Mitokondria ina tando mbili. Ule wa ndani husukuma protoni (chembechembe za hidrojeni zenye chaji chanya) zirundikane upande mmoja, kisha huziachia zirudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka kama pangaboi na kutengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Peter Mitchell alilitoa wazo hilo mwaka 1961, wenzake wengi wakalikataa kwa miaka, naye akapewa Nobel mwaka 1978. Utando ukivuja, protoni hurudi bure, na nishati inaishia kuwa joto.

Kuna oganeli moja ambayo huwezi kuiona lakini unaweza kuisikia ikifanya kazi. Nunua hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa. Weka kipande cha ini bichi la kuku kwenye glasi, mimina kidogo. Itachemka povu kwa sauti ya kufuka. Povu hilo ni oksijeni, na anayeitoa ni kimeng'enya katalase, ambacho kwenye seli za ini hukaa ndani ya peroksisomu. Oganeli hiyo huzalisha peroksaidi katika kazi zake, na peroksaidi ni sumu kwa seli, hivyo katalase imewekwa chumba kimoja na sumu ili iimalize palepale. Rudia kwa ini lililochemshwa: kimya, labda kipovu kimoja kimoja. Ini la jaribio halirudi sufuriani.

Kusafisha

Slaidi za shavu zilowekwe kwenye maji yenye jiki kwa angalau dakika 15, katika chombo ambacho hakina peroksaidi. Wembe uufunge kwenye karatasi nene kabla ya kuutupa. Lenzi ya 40 ndiyo inayolowa maji ya chumvi mara nyingi. Ifute kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa kidogo, kisha kavu, siku hiyohiyo. Chumvi ikikaukia pale, atakayekuja kesho ataona ukungu na atalaumu kitunguu.