Kuwaeleza Watoto Ulemavu wa Viungo: Pimeni Njia ya Kwenda Chooni

Mtoto wa darasa la pili akimwona mwenzake mwenye magongo huuliza palepale, kwa sauti. Msimzibe mdomo. Akinyamazishwa hujijibu mwenyewe kwa yale aliyoyasikia mtaani: laana, uchawi, kuambukizwa.

Jibu liwe fupi na la kweli. Zipo sababu ambazo watoto wa Kigoma wanazielewa haraka: mtu alianguka kutoka juu ya mchikichi au mwembe, uti wa mgongo ukaumia, na amri za ubongo hazifiki tena miguuni. Wengine huzaliwa na miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Mtoto akipelekwa hospitali angali mchanga, nyayo hunyooshwa taratibu kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha huvaa viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, baadaye wakati wa kulala tu, kwa miaka kadhaa. Wazazi wakiona mguu umenyooka huviacha mapema, na mguu hupinda tena.

Mtindio wa ubongo ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Sehemu ya ubongo inayoongoza misuli ilidhurika mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au angali mdogo sana. Anaweza kutokwa na mate na kusema polepole huku akielewa kila mnachosema. Wafundisheni wenzake wamngoje amalize sentensi yake, wasimmalizie.

Hakuna kati ya hali hizi inayoambukiza kwa kugusana wala kwa kula sahani moja. Wakiuliza kuhusu polio, waambieni virusi vyake huenea zaidi kwa kinyesi kinachofika mdomoni kupitia mikono au maji machafu, na kwamba mtu aliyepooza miaka mingi iliyopita hamwambukizi yeyote.

Walimu wengi hupenda kumfunga mtoto mguu mmoja ili "ajionee". Hatulishauri zoezi hilo. Anayeyumba kwa dakika tano hutoka na hofu na huruma tu, asijue ustadi wa mtu anayetembelea magongo kila siku. Wapeni watoto futi kamba na daftari, wapime njia kutoka darasani hadi chooni.

Mlango: uwazi usipungue sentimita 80. Ukiwa mwembamba, mikono ya anayeendesha kiti cha magurudumu hubanwa kwenye fremu. Mteremko wa kupandia: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, hivyo kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Mafundi huufupisha ili kuokoa saruji, na kiti kikipanda huelekea kupindukia nyuma. Choo nacho: mlango ukifungukia ndani, kiti kikishaingia haufungiki tena. Hesabu hizi watoto wa darasa la nne wanaziweza, na hapo huona wenyewe kwamba tatizo kubwa ni kizingiti. Jambo hili si dogo. Mtoto asiyefika chooni huacha kunywa maji tangu asubuhi, na hilo huongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Kusaidia kuna utaratibu. Kwanza mtoto aulize, "Nikusukume?" Akijibiwa hapana, basi. Kiti na magongo ni kama sehemu ya mwili wa mwenyewe: hayachezewi, hayaegemewi, hayahamishwi mbali naye. Breki zifungwe kabla hajakaa au kuinuka, na miguu iwe juu ya vikanyagio kabla kiti hakijaondoka.

Kwenye mchanga, kama ule wa ufukwe wa Kibirizi hapa Kigoma, magurudumu madogo ya mbele huzama, kiti husimama ghafla na aliyekaa hurushwa mbele. Kigeuzeni, mkivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Kwenye mteremko mkali, na Kigoma imejaa vilima, anayeshika awe mtu mzima: kiti kishuke kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini na akitazama anakokwenda.

Magongo ya kwapani yaache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Akiegemeza kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa na mikono hufa ganzi. Mpira wa chini ukishalika na kuwa laini ubadilishwe kabla ya masika, maana kwenye tope huteleza.

Mwisho ni ngozi. Asiyehisi makalio kwa sababu ya uti wa mgongo ulioumia hupata, bila kujua, vidonda vya mgandamizo, yaani vya kukaa muda mrefu bila kujisogeza. Inampasa ajiinue kwa mikono au ainame mbele mara kwa mara, angalau kila nusu saa, hata katikati ya somo. Waelezeni wenzake sababu, na mwalimu asimwambie atulie.