Jinsi ya kupima CO inayotoka kwenye CORM bila kudanganywa na dithionaiti

Kaboni monoksaidi (CO) Nairobi inajulikana kwa jiko la makaa lililolazwa chumbani likiwaka, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai. Hushika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hivi, na mtu huzimika usingizini. Lakini gesi hiyohiyo mwili wenyewe huitengeneza kila siku kwa kiasi kidogo: kimeng'enya kiitwacho heme oksijenesi huivunja heme (sehemu ya hemoglobini yenye chuma) na kutoa bilivedini, chuma na CO. Kazi hiyo ya kimeng'enya ilielezwa mwaka 1968 na Tenhunen, Marver na Schmid. Tangu hapo imeonekana katika wanyama wa maabara kwamba CO kidogo hulegeza mishipa ya damu, hupoza uvimbe na hukinga viungo vilivyokatiwa damu.

Kumpa mnyama au seli gesi ya mtungi kuna taabu zake, ndiyo maana mwaka 2002 Roberto Motterlini, Brian Mann na wenzao walileta molekuli zinazobeba CO na kuiachia ndani ya kimiminika. Ndizo CORM. Zinazopatikana kwa urahisi kwa wauza kemikali ni nne: CORM-2 (rutheni, huyeyuka katika DMSO, kiyeyushi cha maabara), CORM-3 (rutheni, huyeyuka majini), CORM-A1 (boroni, haina metali nzito) na CORM-401 (manganizi). Hakuna hata moja iliyoidhinishwa kuwa dawa ya binadamu. Sababu mojawapo ni swali ambalo mwongozo huu unahusu: athari uliyoiona imeletwa na CO, au na kile kilichobaki baada ya CO kutoka?

Utahitaji siku mbili. Ya kwanza ni ya kipimo cha myoglobini (protini ya misuli inayobadilika rangi ikishika CO), ya pili ni ya kipimo cha oksihemoglobini. Usiruke ya pili. Ndiyo yenye ukweli.

Hatua ya 1: Tayarisha bafa na myoglobini

Tumia bafa (kimiminika kinachoishikilia pH) ya fosfeti ya 0.1 M, pH 7.4. Miongozo mingi hutaja 0.01 M, nayo ni dhaifu mno kwa kazi hii. Dithionaiti, chumvi ya salfa inayoondoa oksijeni na kuiweka myoglobini katika hali ya kushika CO, ikikutana na hewa hutoa asidi, na bafa nyembamba haiwezi kuizuia pH isishuke. CORM-A1 huachia CO kwa kasi zaidi kadiri pH inavyoshuka: kwenye pH 7.4 na joto la 37 °C nusu yake hutoka kwa dakika 21 hivi, lakini kwenye pH 5.5 ni dakika mbili tatu tu. Ukitumia bafa dhaifu utaandika kasi ya asidi uliyoitengeneza wewe, ukidhani ni kasi ya molekuli.

Pima miligramu 15 za myoglobini ya moyo wa farasi, yeyusha katika mililita 10 za bafa. Hiyo ni karibu 80 µM ukishatoa unyevu na uchafu wa unga. Rangi itakuwa kahawia, kwa sababu ya dukani huja ikiwa imeoksidishwa. Ikiwa ina ukungu, izungushe kwenye sentrifyuji dakika tano na uchukue ya juu. Iweke kwenye barafu.

Hatua ya 2: Tayarisha CORM, kila moja kwa tabia yake

Chupa ikitoka kwenye friza, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua. Msimu wa mvua ndefu hewa ina unyevu mwingi, na chupa baridi iliyofunguliwa haraka huvuta maji ndani ya unga. Unga uliovuta maji hautaonyesha dalili yoyote kwa macho.

Kwa akiba ya 10 mM, kila mililita moja:

- CORM-2: miligramu 5.12 katika DMSO
- CORM-3: miligramu 2.95 katika maji
- CORM-A1: miligramu 1.04 katika maji

Mizani ya tarakimu nne haiaminiki kwa miligramu moja, kwa hiyo ya CORM-A1 pima miligramu 5 na uongeze maji hadi mililita 4.8. Zote zitengenezwe asubuhi ya kipimo, zikae kwenye barafu, zifunikwe kwa karatasi ya alumini. CORM-2 pekee isiwekwe kwenye barafu: DMSO huganda kwenye 18.5 °C. Maabara nyingi za hapa hazina kipasha joto, na asubuhi za Julai DMSO hukutwa imekuwa jiwe mezani bila mtu kuigusa. Ipashe kwa kiganja, usiipashe kwenye maji moto.

Tena ujue kwamba CORM-2 ndani ya DMSO si ileile iliyokuwa kwenye chupa. Molekuli pacha huvunjika, DMSO huchukua nafasi za baadhi ya CO, na sehemu kubwa hubaki na CO mbili kwa kila rutheni badala ya tatu. CO imeshaanza kutoka kabla hujafungua spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa. Akiba ya jana ya CORM-2 ni kemikali nyingine, imwage kwenye chupa ya taka.

Hatua ya 3: Pata mistari miwili ya mipaka

Washa spektrofotomita nusu saa kabla, na iwe kwenye UPS. Stima ikipotea katikati, hata kwa sekunde kumi, taa itaanza kupasha moto upya na mfululizo wako wa dakika sitini umekwisha.

Yeyusha miligramu 100 za dithionaiti ya sodiamu katika mililita moja ya bafa iliyopulizwa naitrojeni dakika kumi. Itumie ndani ya robo saa. Unga mzuri wa dithionaiti ni mweupe na mkavu. Uliokwisha hushikana mabonge na kunuka kiberiti kikali, na huo hauna kazi tena.

Weka mililita 1 ya myoglobini kwenye kyuveti (kichupa angavu cha kupimia) ya sentimita moja, ongeza mikrolita 10 za dithionaiti, pindua mara tatu polepole. Rangi itatoka kahawia iende zambarau iliyokoza. Soma kutoka nanomita 500 hadi 600. Unatakiwa kuona mlima (kilele cha mwanga uliofyonzwa) mmoja mpana karibu na 560. Ukiona milima miwili karibu na 542 na 581, bado kuna oksijeni: ama dithionaiti imechoka au ulitikisa na kuingiza hewa. Huo wa mlima mmoja ndio mstari wa sifuri.

Mstari wa asilimia mia ni wa myoglobini iliyoshiba CO. Wenye mtungi wa CO hupuliza gesi, ndani ya kabati la kuvuta hewa, kipima-CO kikiwa kimewashwa mezani. Lakini mtungi wa CO kwenye maabara ya ghorofani ni hatari kubwa kuliko CORM zako zote: mililita moja ya akiba ya 10 mM ikiachia CO moja kwa kila molekuli hutoa theluthi ya mililita ya gesi tu, ilhali mtungi unaovuja hujaza chumba. Kwa hiyo, kama huna mtungi, usiutafute. Ongeza CORM-3 hadi 200 µM kwenye myoglobini yenye dithionaiti, subiri dakika 20, soma. Dithionaiti huilazimisha CORM-3 kuachia CO, na 200 dhidi ya 80 inashibisha. Milima miwili itatokea, kwenye 540 na karibu na 578, na rangi itakuwa nyekundu ya kung'aa. Hakiki kwa kigawo cha mfyonzo cha 15.4 kwa kila mM kwa sentimita kwenye nanomita 540: 80 µM inapaswa kusoma 1.23.

Wenye mtungi nao wakumbuke urefu wa mji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 83. Maji yaliyoshibishwa CO hapa hubeba takriban 0.8 mM, si ile 1 mM iliyoandikwa kwenye miongozo ya watu wa pwani.

Hatua ya 4: Pima

Kyuveti mpya, myoglobini mpya, dithionaiti. Soma mstari wa sifuri. Ingiza mikrolita 4 za CORM ya 10 mM, ncha ya pipeti ikiwa chini ya kimiminika, ili ipatikane 40 µM. Pindua polepole, kisha funika kwa mikrolita 500 za mafuta mepesi ya madini. Afadhali zaidi ni kyuveti yenye kizibo iliyojazwa hadi ukingoni, maana nafasi yoyote ya hewa juu ya kimiminika huiba CO. Weka 37 °C. Soma kila dakika kwa dakika kumi za mwanzo, kisha kila dakika tano hadi saa moja. CORM-A1 ipe saa moja na nusu.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kwenye 540 sifuri ilisoma 0.78, shibe ilisoma 1.23, na sampuli yako 0.96. Toa 0.78 kutoka 0.96, upate 0.18. Toa 0.78 kutoka 1.23, upate 0.45. Gawanya: 0.40. Zidisha kwa 80 µM: 32 µM ya CO. CORM ilikuwa 40 µM, basi kila molekuli imetoa wastani wa CO 0.8.

Kabla ya kuliamini jibu, angalia nanomita 510. Hapo myoglobini yenye CO na isiyo na CO husoma sawa. Mistari yako yote ipite kwenye nukta hiyo pamoja. Ikiwa inapanda kadiri muda unavyokwenda, kimiminika kinachafuka: CORM-2 hupenda kuganda vipande vidogo majini, na ukungu huo huhesabika kama mfyonzo. Unaweza kuutoa kwa hesabu kama ni kidogo. Ukiwa mwingi, kipimo kimekufa.

Sahani ya visima 96 inavutia kwa sababu huokoa myoglobini, ambayo bei yake si rahisi. Mimi siipendekezi hapa. Visima viko wazi, gesi hutoka, na hakuna namna ya kujua imetoka kiasi gani.

Hatua ya 5: Rudia bila dithionaiti

Hapa ndipo kazi nyingi zilizochapishwa zinapoyumba. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba dithionaiti, na chumvi nyingine za salfa za jamii hiyo, ndizo zinazoisukuma CO itoke kwenye CORM-2 na CORM-3. Katika bafa tupu hutoka kidogo sana. Kwa maneno mengine, namba nzuri ya hatua ya 4 ilitokana na kitu ambacho hakimo ndani ya seli wala damu ya mgonjwa.

Tumia oksihemoglobini (hemoglobini iliyoshika oksijeni), ambayo haihitaji dithionaiti. Damu ya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti inatosha. Beba mrija wenye heparini au EDTA na kisanduku cha barafu. Damu ya binadamu usiiguse bila kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Osha chembe nyekundu mara tatu kwa chumvi ya 0.9%, ukimwaga majimaji ya juu kila mara. Zipasue kwa maji baridi ya maabara, mara nne ya ujazo wake, zungusha kwa nguvu, chukua majimaji mekundu. Punguza kwa bafa hadi heme iwe 20 µM hivi: kwenye nanomita 577 hiyo husoma karibu 0.3.

Ongeza CORM 20 µM na usome kama mwanzo. Mlima wa 577 ukihamia 569, CO inatoka yenyewe. CORM-A1 na CORM-401 zitauhamisha. CORM-3 itakukatisha tamaa, nako kukata tamaa huko ndiko data. Mstari ukianza kuonyesha bonde lililojaa na kimo kipya karibu na 630, hemoglobini inaoksidishwa: andika hilo pia, maana metali ya CORM inaweza kulisababisha.

Hatua ya 6: Kabla ya kupeleka kwenye seli au bakteria

Kontroli ya kawaida ni CORM iliyokwisha CO, yaani iCORM: CORM-3 huachwa kwenye bafa siku nzima, kisha hupulizwa naitrojeni. Haitoshi. Mwaka 2018 kundi la Robert Poole wa Sheffield lilionyesha kwamba sumu ya CORM-3 kwa bakteria hutokana na rutheni inayonasa thayoli (vikundi vya salfa vya molekuli za seli), si CO. Rutheni iliyokaa siku nzima kwenye bafa imeshabadilika, haina tena makali ya ile mpya.

Kwa hiyo ongeza kontroli tatu. Ya kwanza, weka asetilisisteini (yenye thayoli ya kuinasa rutheni) 1 mM pamoja na CORM: athari ikitoweka, shuku metali. Ya pili, rudia kwa CORM-A1, na kwa borati kama kontroli yake. Lakini CORM-A1 hutoa haidridi, inaweza kubadili NAD+ kuwa NADH (vibeba elektroni vya seli) yenyewe, basi usiitegemee peke yake. Ya tatu, kwa bakteria, pima kwenye chakula chenye virutubisho vichache na kwenye kile chenye vingi. Chakula tajiri kina amino asidi na thayoli za kutosha kuinyonya rutheni yote, na dawa iliyoua vizuri kwenye kimoja haitaua kwenye kingine. Seramu kwenye chakula cha seli hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa albumini huishika rutheni.

Rangi za kupima uhai wa seli zinazotegemea elektroni, kama resazurini, zijaribu kwanza na CORM bila seli yoyote ndani. Ikibadilika rangi, tafuta njia nyingine ya kuhesabu.

Mabaki ya rutheni na manganizi yasipite kwenye sinki. Yakusanye kwenye chupa ya plastiki yenye lebo ya metali nzito, kizibo kikiwa kimelegezwa siku ya kwanza ndani ya kabati la kuvuta hewa ili gesi iliyobaki itoke, kisha kaza. Myoglobini yenye dithionaiti iachwe wazi humo usiku kucha kabla ya kuchanganywa na taka nyingine. Ikimwagwa ingali mbichi juu ya asidi, hutoa salfa dayoksaidi inayochoma pua.